Shangazi Ajibu: Aliniahidi Seva Isiyo na Kikomo

Wanaofuata safu za ushauri magazetini wamezoea barua za mume asiyelala nyumbani na mchumba asiyejibu simu. Zinazomfikia Shangazi kutoka Malindi, Watamu na Kilifi ni za tovuti, lakini toa neno seva na kilio ni kile kile: aliahidi makubwa, akachukua pesa, sasa hapatikani.

Ya kwanza ni ya mama mwenye nyumba ya wageni Watamu, aliyejiita Aliyeachwa. “Shikamoo Shangazi. Kijana aliyenitengenezea tovuti amekwenda zake Doha. Juzi mgeni wangu wa Uholanzi ameifungua akakuta kamari ya Kichina. Nimelipa kampuni nyingine ya kuhifadhi tovuti, nao wanasema jina hawawezi kunirudishia. Je, nimeibiwa?”

Marahaba mwanangu, Shangazi anamjibu, hukuibiwa. Ulichokiita chako hakikuwahi kuandikwa jina lako.

Hapo ndipo wengi wanapopotelea. Mteja huuziwa vitu viwili kwa risiti moja, akadhani ni kimoja: jina la tovuti, na nafasi kwenye seva ambako picha na maandishi yanakaa. Seva ikikuudhi, unaihama kwa siku moja au mbili na wageni hata hawajui. Jina likiponyoka, kila kibao cha barabarani, kila kadi uliyogawa uwanja wa ndege wa Malindi na kila ukurasa uliowahi kukutaja unampelekea wageni mtu mwingine. Ndiyo maana Shangazi hachoki kurudia kwamba swali la kuchagua kampuni ya kuhifadhi tovuti ni la pili. La kwanza ni nani ameandikwa kuwa mwenye jina, na ni barua pepe ya nani inayopokea ukumbusho wa malipo.

Majina yanayoishia na .ke yako chini ya KENIC jijini Nairobi, nayo huuzwa kupitia mawakala wake. Tangu 2017 mtu anaweza kuchukua .ke peke yake badala ya .co.ke. Rejista iko wazi, na yeyote mwenye simu anaweza kuangalia jina fulani liko kwa wakala gani na muda wake unaisha lini. Kijana wa Doha alisajili kwa anwani yake mwenyewe. Mwaka ulipoisha, ukumbusho ulimfuata yeye, si Watamu. Jina likafutwa, mwenye kamari akaliokota kihalali kabisa, maana jina lenye sifa njema kwenye Google lina thamani hata kwa mtu asiyejua Watamu iko wapi.

Kama ni .com, baada ya kufutwa huwa kuna siku 30 ambazo mwenyewe anaweza kulikomboa, kwa bei inayouma. Aliyeachwa amezipita. Kama ni la .ke, KENIC ina utaratibu wa kuamua migogoro ya majina, lakini kwa nyumba ya vyumba vichache Shangazi anamshauri achukue jina jipya, alilipie miaka kadhaa kwa pamoja, na arekebishe anwani kwenye Google Maps siku hiyo hiyo. Na barua pepe ya usajili isiwe ile iliyomo ndani ya jina lenyewe. Jina likizimika, barua ya kukuambia limezimika itakufikia wapi?

Barua ya pili inatoka Malindi, kwa bwana anayepeleka watalii kwa mashua kwenye hifadhi ya bahari. Kampuni moja inamwambia aweke tovuti kwenye seva ya Nairobi, “tuunge mkono nyumbani”. Nyingine inampigia debe Ujerumani. Wateja wake wengi ni Waitaliano. Afuate moyo au akili?

Swali hili Shangazi amelipenda, kwa sababu Malindi na Italia wana historia ndefu ya kurushiana mawimbi. Pale Ngomeni, kaskazini kidogo ya mji, Waitaliano walirusha setilaiti ya kwanza kutoka jukwaa la San Marco mwaka 1967, na tarehe 12 Desemba 1970 ikaondoka hapo Uhuru, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani. Pamoja na ufahari wote huo, mtu wa mtaa wa Shela aliendelea kungoja ukurasa mmoja wa intaneti ufunguke kwa dakika nzima hadi 2009, nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilipotua Mombasa, kilomita kama 120 kusini yake. EASSy ilifuata 2010.

Bwana wa mashua aangalie anayefungua tovuti ameketi wapi. Wake wako Milano na Bologna usiku wa baridi, wakipanga likizo ya Januari. Seva ya Ulaya iko karibu nao, na wala si usaliti. Shule ya Kaloleni au chama cha akiba cha Mariakani ni hadithi nyingine, kwa kuwa wasomaji wao wote wana bando la hapa hapa, na tovuti ikiwa Frankfurt kila ombi linavuka bahari kwenda na kurudi. Mwaka 2000 watoa huduma wa Kenya walianzisha KIXP, kituo cha kubadilishana mawasiliano Nairobi, ili barua ya Mkenya kwa Mkenya isipitie ng'ambo. Telkom Kenya ililalamika, kituo kikafungwa, kikafunguliwa tena 2002. Faida yake ilionekana tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika upande wa kusini na intaneti ya Afrika Mashariki ikatambaa. Tovuti iliyohifadhiwa Nairobi haikuhitaji kupita huko.

Ila aulize kwa maandishi. Ofisi kuwa Nairobi na jina kuishia na .co.ke havikuambii mashine iko wapi. Kampuni nyingi za hapa zinauza nafasi kwenye seva zilizoko Ulaya au Marekani. Asiyetaka kuchagua upande anaweza kutumia mtandao wa kusambaza nakala kama Cloudflare, wenye mitambo Mombasa na Ulaya pia. Halafu, bwana, kabla ya kulaumu seva yoyote, punguza zile picha. Pomboo mmoja wa megabaiti nane anachelewesha ukurasa kuliko bahari yote iliyo kati ya Malindi na Genova.

Kijana wa Mtwapa anaandika kwa furaha: amepata kampuni inayompa nafasi bila kikomo, wageni bila kikomo, barua pepe bila kikomo, kwa shilingi 200 kwa mwezi. Anataka baraka.

Hapati. Diski ina mwisho, na anayeuza kisicho na mwisho ameuandika mwisho huo mahali pengine, kwenye masharti: idadi ya mafaili unayoruhusiwa kuweka, kiasi cha nguvu za mashine unachoweza kutumia kabla hujasimamishwa. WordPress peke yake hujaza maelfu ya mafaili kabla hujaandika neno. Asome masharti hayo, kisha atazame bei ya mwaka wa pili. Katika biashara hii bei ya posa na bei ya ndoa ni mbalimbali, na tofauti yake huwa kubwa.

Akiambiwa huduma haizimiki kwa asilimia 99.9, apige hesabu: hiyo inaruhusu kuzimika karibu saa tisa kwa mwaka. Asilimia 99 inaruhusu siku tatu na nusu na zaidi, na hakuna aliyeahidi kwamba hazitaangukia Pasaka, hoteli zikiwa zimejaa. Akitozwa pesa kwa kile cheti cha kufuli kinachozuia Chrome kuandika kwamba tovuti si salama, aulize kwa nini, maana Let's Encrypt inatoa vyeti hivyo bure tangu mwisho wa 2015. Na akilipa kwa dola, akumbuke Januari 2024. Dola ilipita shilingi 160, na katikati ya mwaka ule ule ikawa karibu 130. Ankara ya dola 60 ilikuwa shilingi 9,600 kisha 7,800. Anayepokea M-Pesa na kutoza kwa shilingi ana pointi moja kubwa kwa Shangazi, hata kama bei yake iko juu kidogo.

Kijana huyo ameuliza pia kuhusu majina ya bure. Aulize waliochukua .ga. Kampuni ya Freenom iligawa bure majina ya nchi kadhaa, Gabon ikiwemo. Juni 2023 Gabon ilichukua mamlaka ya .ga na majina kwa mamilioni yakafutwa.

Mwenye duka la vinyago karibu na magofu ya Gede ana shida nzito zaidi. Tovuti yake imeharibiwa na wadukuzi, na alipoomba nakala ya akiba aliambiwa ilikuwa kwenye seva ile ile. Shangazi anampa pole, na kumwambia hayuko peke yake. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la kampuni ya OVH mjini Strasbourg, Ufaransa, mojawapo ya kampuni kubwa za aina hii Ulaya. Kampuni ya Netcraft ilihesabu tovuti milioni 3.6 zilizozimika. Wapo wateja waliokuwa wamelipia nakala, nakala hizo zikiwa pale pale Strasbourg, zikaungua pamoja na asili. Kwa duka la vinyago dawa haina gharama: mara moja kwa wiki pakua nakala nzima, uiweke kwenye kompyuta ya dukani na kwenye Google Drive. Kisha mara moja kwa mwezi jaribu kuirudisha. Nakala isiyowahi kujaribiwa Shangazi haihesabu.

Na wenye hoteli wasikilize, kwa kuwa hili haliwekwi kwenye matangazo. Fomu ya kuhifadhi chumba inakusanya majina, pasipoti na nambari za simu za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakudai wewe, si kampuni ya seva pekee, na kanuni zake zimeitaja sekta ya hoteli na wageni miongoni mwa zinazotakiwa kujisajili kwa Kamishna wa Data hata biashara ikiwa ndogo.

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Pwani anayetaka kuweka seva chumbani kwake Kilifi ajifunzie hapo kwa raha zake, lakini asiweke tovuti ya mteja. Tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukaingia gizani. Chumba cha bweni hakina jenereta.

Mwisho ni mama wa mahamri na mbaazi, aliyeambiwa na mpwa wake kwamba biashara bila tovuti imekufa. Dada, huhitaji. Weka duka lako kwenye Google Maps, picha tatu nzuri, saa za kufungua na nambari ya till. WhatsApp inatosha kwa oda, ila nambari za wateja wakubwa ziandike daftarini: tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja kwa saa kama sita duniani kote.

Barua za mwezi ujao Shangazi anaomba zitaje mambo mawili juu kabisa: jina la tovuti limeandikishwa kwa nani, na muda wake unaisha tarehe ngapi. Mwenye jina la .ke asiyejua aangalie kwanza kwenye rejista ya KENIC, amuulize wakala anayetajwa hapo, ndipo aandike.