Sifa za Kuboeka

Washairi wa pwani wameusifu mnazi kuanzia mizizi hadi makuti, wamewasifu masultani waliostahili na wasiostahili, na hata mahamri yamepata wa kuyatungia. Sijaona aliyekisifu kitu chenye mchango mkubwa kuliko vyote hivyo katika elimu ya leo, nacho ni kuboeka kwa mwanafunzi mjuzi katika kipindi cha kompyuta cha kiwango cha chini. Namzungumzia yule wa shule ya upili ambaye amekwisha kujitungia mchezo mdogo nyumbani, kisha anafika shuleni, anavua viatu mlangoni mwa maabara, anabanana na wenzake wawili mbele ya mashine moja, na kuagizwa aonyeshe kwa kidole kibodi ni ipi na skrini ni ipi. Wazazi wake humwonea huruma, walimu humwita mjeuri, na wataalamu wa elimu wakimkumbuka humwandika upande wa hasara. Mimi nashikilia kwamba hali aliyo nayo ndiyo zana bora kuliko zote zilizomo chumbani humo, na kwamba ushahidi wake ni mzito kuliko ule wa mashine zenyewe.

Tuanze na gharama, maana hapo ndipo serikali hupenda kuanzia. Mwaka 2013 Wakenya waliahidiwa kwamba watoto wa darasa la kwanza watapewa kompyuta za mapajani. Kulitokea mvutano wa zabuni uliofika mahakamani, ahadi ikapungua ukubwa, na vishikwambi vikaanza kufika shuleni mwaka 2016, huku wazazi wakiuliza vitachajiwa wapi. Kuboeka hakukuhitaji zabuni. Vishikwambi vilikukuta pale pale, na vitakapoharibika vitakuacha. Hakuibiki, kwa hiyo hakuhitaji mlango wa vyuma wala kufuli mbili, hakuambukizwi virusi, leseni yake haiishi muda. Umeme ukikatika, mashine huzimika na UPS hulia kidogo kisha ikanyamaza, lakini kuboeka hapo ndipo kunapopata nguvu mpya. Sikijui kifaa kingine cha tehama kinachofanya kazi vizuri zaidi gizani.

Haki itendeke pia kwa waliopanga silabasi, kwani zao hili halikujiotea. Silabasi ya kompyuta ya mfumo wa 8-4-4, ambayo sasa inawamalizia watahiniwa wake wa mwisho, ilikuwa kazi ya mikono yenye subira. Kidato cha Kwanza kilikuwa cha kueleza kompyuta ni nini, ina sehemu zipi, na mfumo endeshi hufanya nini. Kidato cha Pili kilikuwa cha kuandika nyaraka, kujaza majedwali, kupanga hifadhidata na kutuma barua pepe. Kuandika programu, tena utangulizi wake tu, kulisubiri Kidato cha Tatu, kwa Pascal au Visual Basic. Miaka miwili nzima, basi, mjuzi wetu alikariri vizazi vya kompyuta: ENIAC na vali zake zipatazo 18,000, kisha transista iliyobuniwa mwaka 1947, kisha kichakataji cha Intel 4004 cha mwaka 1971. Alijifunza kwamba disketi ya inchi tatu na nusu hubeba megabaiti 1.44, ujazo usiotosha hata wimbo mmoja wa kawaida kwenye simu yake. Kampuni ya Sony iliacha kuuza disketi hizo Japani mwaka 2011, wakati watahiniwa hao wa mwisho walikuwa hawajaanza hata chekechea. Mtu akihofu kwamba mtaala mpya unaochukua nafasi ya 8-4-4 utaimaliza hazina hii, na atulie. Mwaka 2024, masomo ya sekondari ya chini yalipopunguzwa, kompyuta ilitiwa ndani ya somo moja pamoja na ufundi na biashara. Mavuno yataendelea.

Sasa mtazame mwanafunzi huyu akiwa ameboeka sawasawa. Zoezi la leo ni kuandika barua ya kuomba kazi, kichwa chake kikozwe na kupigiwa mstari. Amemaliza kabla mwalimu hajafika safu ya pili, na kipindi ni cha dakika 80. Mwenzake aliyependezwa na zoezi ataliandika vizuri, atalihifadhi kwenye folda aliyoagizwa, na ataondoka akiwa ameridhika. Hana sababu ya kugusa kitufe ambacho hakikutajwa. Aliyeboeka atavigusa vyote. Ataminya Alt pamoja na F11, na ndani ya Word ile ile ya kuandikia barua utafunguka mlango wa chumba cha kuandikia programu, ambacho shule ilikilipia bila kujua. Ataminya F12 kwenye kivinjari na kuona msimbo ulio nyuma ya ukurasa, kisha agundue kwamba hapo hapo anaweza kuandika JavaScript hata intaneti ikiwa imekatwa. Katika jedwali la alama za wanafunzi arobaini, yeye ndiye atakayeshangaa kwa nini fomyula ikinakiliwa kwenda chini hubadilisha majina ya seli, na kwa nini alama ya dola huizuia isibadilike. Hilo ndilo somo la kwanza la kweli kuhusu jina na kile kinachobebwa na jina, yaani kiini cha programu yoyote. Silabasi ilikuwa imempangia kulipata miezi mingi baadaye. Larry Wall, aliyeunda lugha ya Perl, alizitaja sifa tatu kuu za mwandishi wa programu kuwa ni uvivu, kukosa subira na majivuno. Tafuta mwalimu wa kuzifundisha zote tatu kwa wakati mmoja, kama hukurudi kwa mheshimiwa wangu, kuboeka. Hata Solitaire, ambayo walimu huifuta kila mwanzo wa muhula, iliandikwa mwaka 1988 na Wes Cherry alipokuwa mwanagenzi tu pale Microsoft, ikaingizwa kwenye Windows 3.0 mwaka 1990, na ikawafundisha mamilioni ya watu kukokota vitu kwa kipanya wakidhani wanacheza karata.

Wanasayansi nao wametoa ushahidi wao. Mwaka 2014 Sandi Mann na Rebekah Cadman wa Uingereza walichapisha utafiti ambamo watu walipewa kazi ya kunakili namba kutoka kitabu cha simu, kisha wakaombwa wabuni matumizi mengi iwezekanavyo ya vikombe viwili vya plastiki. Walioboeshwa walibuni zaidi ya ambao hawakupewa kazi hiyo. Katika jaribio lililofuata, waliozisoma namba tu, bila hata kuziandika, walionekana wabunifu zaidi kuliko walionakili. Yaani kupokea tu maelezo yaliyopoa kunazidi kunakili maelezo yaliyopoa. Mwalimu anayewasomea wanafunzi kitabu kizima kwa sauti moja, aya baada ya aya, ambaye tulikuwa tukimlaumu kwa uvivu, kumbe anafuata matokeo ya maabara.

Najua litakalosemwa: aliyeboeka hufanya vituko. Ni kweli, na sitaki kulificha. Katika utafiti mwingine wa mwaka huo huo wa 2014, uliochapishwa katika jarida la Science, Timothy Wilson na wenzake waliwaacha watu peke yao chumbani kwa dakika 15 pamoja na mawazo yao na kitufe cha kujipiga shoti ya umeme. Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga. Mtu mmoja, aliyetolewa kwenye hesabu, alijipiga mara 190. Ikiwa binadamu asiye na la kufanya anaweza kujitendea hivyo, kompyuta ya shule itanusurika vipi? Haikunusurika. Mwaka 1982 Rich Skrenta, mwanafunzi wa miaka 15 huko Pittsburgh, aliandika Elk Cloner, mojawapo ya virusi vya kwanza kusambaa katika kompyuta ndogo, kwa ajili ya kuwatania marafiki. Kilihama kutoka disketi hadi disketi, na kila mara ya 50 mashine ilipowashwa kilionyesha shairi. Bill Gates na wenzake wa shule ya Lakeside, Seattle, walipigwa marufuku na kampuni iliyowakodishia muda wa kompyuta, kwa sababu walikuwa wamegundua kasoro za mfumo na kuzitumia kujipatia muda wa bure. Hebu tuzingatie kampuni ilifanya nini baadaye: ilikubali kuwapa muda huo, nao wawe wanaitafutia kasoro zake. Iligundua kwamba mtukutu na mkaguzi ni mtu mmoja, tofauti ni nani aliyempa kazi. Shule zetu zinalijua jambo hili kimyakimya. Flashi zikiambukizwa na mafaili yote yakageuka njia za mkato zisizofunguka, fundi yuko mbali na bajeti imekwisha. Anayeitwa ofisini kuokoa orodha ya alama ni yule yule aliyefukuzwa maabara wiki iliyopita.

Wapo wanaosema dawa ni kufuta masomo yanayoboesha na kuleta magumu zaidi. Uingereza ilijaribu. Januari 2012 waziri wa elimu, Michael Gove, alitangaza kuuondoa mtaala wa tehama, akisema watoto wanachoshwa kwa kufundishwa Word na Excel na walimu waliochoshwa vilevile, na Septemba 2014 shule za Uingereza zikaanza mtaala mpya wenye kuandika programu tangu umri wa miaka mitano. Mwaka 2017 taasisi ya wanasayansi ya Royal Society, ambayo yenyewe ilikuwa imepigania mageuzi hayo, ilichapisha ripoti kuhusu hali ilivyo. Zaidi ya nusu ya shule hazikuwa zikitoa somo jipya katika mtihani wa sekondari wa GCSE, na kati ya waliolifanya, msichana alikuwa mmoja kwa kila watano. Somo la zamani, pamoja na upooza wake wote, liliwavuta wasichana kwa sehemu kubwa zaidi. Mtu atanijibu kwamba kilichopungua ni walimu wenye ujuzi, na atakuwa amesema kweli. Ripoti yenyewe ilililalamikia hilo. Lakini ndivyo ninavyosema. Kipindi cha kompyuta kilichopoa ndicho pekee ambacho nchi yenye uhaba wa walimu inaweza kukiendesha, na humo ndani yupo mwanafunzi ambaye upooza ule unamfundisha kazi ambayo mwalimu hawezi. Ukiondoa upooza kabla hujaleta mwalimu, umemwacha mjuzi na wa mwanzo wote wawili bila kitu.

Pingamizi lililo zito kweli ni lingine, nalo linanikera kidogo kwa sababu halitaki mzaha. Ni nani mwenye bahati ya kuboeka? Mara nyingi ni yule ambaye nyumbani kuna kompyuta, au mjomba mwenye duka la saiba. Yule anayeshika kipanya kwa mara ya kwanza, na kukipeleka hadi ukingo wa meza kisha akakwama, hajapata anasa hiyo. Hata Gates alipata kutumia kompyuta akiwa shuleni mwaka 1968, jambo lisilokuwa la kawaida hata Marekani. Kuboeka bila mashine huzaa usingizi tu. Tena wapo wajuzi bandia. Kasi ya vidole si elimu, na mwingi wa ujuzi unaojivuniwa na vijana ni wa kufungua programu, kubadilisha mandhari na kushusha filamu. Ila hata hapa mteule wangu, kuboeka, ana la kujibu, kwa kuwa yeye mwenyewe ndiye mtihani wa kuwatenga. Mjuzi bandia akimaliza barua yake mapema hutazama dirishani, halafu hujaribu kufungua mtandao wa kijamii uliofungwa. Mjuzi wa kweli akiambiwa ageuze 25 iwe sifuri na moja hukasirika kwa dakika moja, kisha huuliza kwa nini namba hasi nazo huandikwa kwa sifuri na moja, na swali hilo halimwachi tena. Wa kwanza ametaka kuondoka chumbani, wa pili ametaka kuingia ndani zaidi. Hakuna karatasi ya mtihani wa taifa inayowatofautisha kwa haraka hivyo. Tena, kwa kuwa wanabanana watatu kwa mashine moja, aliyemaliza hulazimika kumfundisha aliyekwama ili apate zamu yake ya kibodi. Huko nako hugundua ni mambo mangapi aliyokuwa akiyafanya bila kuyaelewa, maana hayaeleweki hata kwake mwenyewe akiyasema kwa sauti. Ubinafsi wake umemfanya mwalimu msaidizi asiyelipwa, na aliye karibu naye amefika mwisho wa zoezi.

Ombi langu kwa walimu na wakuu wa shule ni dogo, na halihitaji waraka wa wizara. Mwanafunzi akimaliza kabla ya wenzake, msimpe zoezi lile lile alirudie kwa herufi za rangi nyingine, wala msimfungie vitufe ambavyo hamjavifundisha. Tengeni kompyuta moja kuukuu, isiyo na alama za mtu wala siri za ofisi, aiharibu na kuitengeneza apendavyo baada ya saa za masomo, pamoja na mmoja ambaye nyumbani kwao hakuna. Somo la barua ya kuomba kazi liendelee kama kawaida.