Tuazimeni avoka wenu wa La Haye

Barua ya wazi kwa wakubwa wa Kinshasa na Kisangani wanaotutunzia franga za fidia ya Uganda

Waheshimiwa sana,

Salamu kutoka Butembo na Beni. Sisi tu wazima, wale tuliobaki. Barua hii tumeiandika wenyewe, mtuwie radhi kwa mwandiko. Avoka tuliyemwendea alitaja bei ya kufungua dosie, akataja bei ya mihuri, kisha akataja fungu lake katika franga ambazo sisi wenyewe hatujaziona hata ndotoni. Hatumlaumu, naye ana watoto wa kusomesha. Tunauliza tu: mtu aliyechomewa nyumba anunue tena ruhusa ya kusema kwamba iliungua?

Historia mnaijua kuliko sisi. Mlishitaki Uganda mwaka 1999 kwa vita ambayo jeshi lake lilituletea. Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kule La Haye, ikasema Uganda ina makosa. Tarehe 9 Februari 2022 ikapiga hesabu: dola milioni 325, na kati ya hizo milioni 225 ni kwa ajili ya madhara waliyopata watu. Uganda ilipe kwa awamu tano, milioni 65 kila Septemba. Butembo na Beni zimetajwa kwa majina katika hukumu ile. Tulifurahi mno kutajwa. Mpaka leo tunaishi kwa furaha hiyo, maana kingine cha kuishia hakijafika.

Lakini kuna sehemu ya hukumu ambayo huwa hamuisomi kwenye redio. Mliomba pia Uganda iwarudishie gharama za kesi, pamoja na avoka wenu. Mahakama ikakataa: kila upande ubebe gharama zake. Tuliposikia hivyo tuliwaonea huruma ya kweli. Kumbe nanyi mnajua kwamba kudai haki ni ghali! Tofauti ni ndogo tu: ninyi gharama zenu mlizibeba kwa kodi yetu, sisi zetu tunazibeba kwa mbuzi wetu.

Ndiyo maana ombi letu kubwa ni hili: tuazimeni wale avoka wa La Haye.

Hatuombi kwa tamaa ya majoho. Tunaomba kwa sababu ya ujuzi wao. Walidai zaidi ya dola bilioni 11, wakapeleka fishi za wahanga, na majaji wakaona nyingi hazina karatasi za kuzithibitisha. Je, walifukuzwa wakatafute muhuri? Hapana. Majaji walitambua kwamba vita huharibu ushahidi, wakakadiria kwa haki, wakatoa jumla. Sasa mjane wa huku akifika kwenye dirisha la fidia na fishi ya namna ileile, anaambiwa arudi na cheti cha kifo, PV ya polisi, mashahidi, na ikiwezekana avoka. Mumewe alipigwa risasi shambani wakati wa vita. Hicho cheti angekiandika nani, aliyempiga risasi? Kwa hiyo tunawataka hasa wale waliowahi kupewa milioni 325 kwa dosie yenye matundu.

Mapokezi tumekwisha kuyapanga. Wakishuka Beni, kila avoka atapata pikipiki yake. Joho alikunje mapajani lisinaswe na mnyororo. Kile kitambaa cheupe cha shingoni akiache nje, vumbi la njiani litakipa uraia. Familia za komini ya Mususa, hapa Butembo, zitawalisha kwa zamu: bugali na sombe Jumatatu, maharage Jumanne, na kasiksi baada ya kazi tu. Saa mbili asubuhi watakuwa kwenye foleni pamoja nasi. Zamu ikifika, watamwinamia karani, watamwita Bwana Rais wa Mahakama, na kuanza kumtetea mbuzi wa mama fulani: siku ya kwanza, kama dirisha hili lina mamlaka juu ya mbuzi, siku ya pili, kama mbuzi alikuwepo, siku ya tatu, thamani yake pamoja na watoto ambao angezaa. Majaji walijiteulia wataalamu wanne mwaka 2020, basi nasi tupewe wanne, wa kuhesabu kuku. Karani akienda kula, kesi iahirishwe. Avoka hawa hawatachoka, ile ya kwanza waliisubiri miaka zaidi ya 22.

Kuhusu malipo yao, tutaheshimu hukumu: kila upande ubebe gharama zake.

Maombi mengine ni madogo. Ofisi kuu ya fidia iko Kisangani. Tupeni msindikizaji kwenye barabara kati ya Beni na Komanda, ambako waasi wa ADF hawaombi PV. Na atakayetugongea muhuri wa kuthibitisha kwamba sisi ni maskini asitutoze franga za muhuri huo.

La mwisho si ombi. Franga hizi zilipata njia ya mkato zilipotakiwa kujenga gereza Kisangani. Dola milioni 19 hivi zilitoka, na hakuna aliyeziuliza cheti cha kifo. Septemba 2025 aliyekuwa waziri wa sheria, Constant Mutamba, akahukumiwa miaka 3 ya kazi za lazima kwa jambo hilo. Waziri wa sheria! Sisi tunaambiwa hatuna karatasi. Ninyi karatasi zote mnazo, na mlizitumia kuwaibia maiti. Mmewala wakiwa hai kwa kodi, mkawala tena wakiwa makaburini. Na jeshi la Uganda lililotuua mmelialika tena Beni tangu Novemba 2021, lije kutulinda.

Mtusamehe, waheshimiwa, kalamu iliteleza. Tunabaki wananchi wenu watiifu, wenye subira iliyopigwa muhuri.

Jibu lenu mpelekeeni avoka wetu, mkishamlipa.