Kisu Kizuri, Lengelenge Kubwa

Mtazame mtu anayenunua kisu kilichofuliwa kwa mkono. Atakichomoa kwenye ala, atakigeuzageuza jua limulike bapa, atapapasa makali kwa kidole gumba taratibu kama anayegusa shavu la mtoto aliyelala, kisha atanyoa vinyweleo viwili vitatu vya mkono wake mwenyewe. Vikikatika, ametabasamu, amelipa, ameondoka. Mpini ameushika, ndiyo, lakini ameushika kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kushika. Hakuna aliyeujulia hali. Siku ya shughuli, mtu huyo akikalishwa mbele ya gunia la viazi vya pilau ya watu mia, mpini utajieleza wenyewe: lengelenge la ukubwa wa punje ya hindi, palepale kwenye shina la kidole cha shahada.

Ndiyo maana nadai kwamba anayelinganisha visu viwili vya mhunzi aanze na mpini, na uzuri wa mpini aupime baada ya nusu saa ya kazi. Lugha yetu inalijua jambo hili zamani. Tukisema fulani ameshika mpini na mwenzake ameshika makali, hapana anayeuliza nani kashinda. Tatizo ni ile methali nyingine, ya kwamba mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Sawa, ale. Lakini methali imenyamaza kabisa kuhusu aliyeikata hiyo nyama kilo arobaini tangu alfajiri, ambaye saa hii vidole vimegoma hata kufinyanga tonge.

Wapo watakaosema kisu ni makali, mengine mapambo, na kwamba kisu butu chenye mpini mtamu ni mwiko wa kusongea ugali. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama makali yangetofautiana sana kati ya fundi na fundi. Wahunzi wetu wengi hufua visu kwa springi za magari chakavu. Chuma cha springi kina kaboni ya takriban asilimia 0.6, kiasi kinachotosha kukifanya kiwe kigumu kikipashwa moto hadi kiwe chekundu kisha kikazamishwa ghafla kwenye mafuta. Chuma laini cha madirisha ya kuchomelea hakina kaboni ya kutosha. Kichovye mara saba, kitatoka laini vilevile. Basi mafundi wawili waliopata springi ya lori na wasiokuwa na haraka watafikia makali yanayokaribiana. Tena makali yana tabibu. Mnoa visu anapita mtaani na baiskeli yake, anaisimamisha, anakanyaga pedali, jiwe linazunguka, cheche zinaruka, na baada ya dakika chache kisu kilichokuwa kinaikwaruza nyanya kinaipasua bila kuikamua. Sijui mtaa wowote ambako hupita mtu akinadi, “Tunatibu mipini inayouma!”

Mpini wenye ugonjwa unajulikana kwa urembo wake. Chukua ule wa mpingo uliosuguliwa kwa msasa hadi unang'aa kama viatu vya bwana harusi. Mpingo ni mti wa heshima: mzito hata huzama majini, na huko Ulaya hutengenezewa klarineti. Lakini ule mng'ao, ukikutana na mafuta ya mkia wa kondoo, unageuka sabuni, na kama hapana kizuizi kati ya mpini na bapa, kidole kinateleza kwenda kusikotakiwa. Mwingine umechongewa vijishimo vinne vya vidole. Ukiutazama utasema fundi huyu ana huruma. Ukiushika utagundua vidole hivyo vinne ni vya mtu mwingine kabisa, pengine vya fundi mwenyewe, na vyako vinakaa juu ya matuta kama abiria waliokalia viti vya watu. Na upo ule ambao msuka wake ni mfupi, umechomekwa ukiwa wa moto ndani ya mti mbichi, bila hata noleo la kuubana. Mti ukikauka, tundu linalegea kimyakimya, mpaka siku ya boga. Bapa linabaki ndani ya boga, mpini unabaki mkononi, na mwenye kisu anabaki ameduwaa mbele ya wageni akiwa ameshika kirungu kidogo cha kupendeza.

Sasa linganisha na kisu cha mtu anayelipwa kwa kila samaki anayempara. Bapa limenolewa miaka mingi hadi limekonda kama jani la mkaratusi. Mpini umezungushiwa tyubu ya baiskeli, mkanda juu ya mkanda, mnene katikati, mwembamba kwenye noleo. Hautelezi ukilowa, hauna kona, na umejaa kiganja. Kwa sura hautapewa hata nafasi ya kuwekwa kwenye maonyesho. Kwa kazi, mwenyewe hakuazimi, hata umwahidi nini.

Basi uzuri na raha ni mahasimu? Hapana, na hapa wapenzi wa mapambo wana haki yao. Jambia la Oman liko hadi kwenye bendera ya nchi tangu 1970, na hakuna anayelitarajia limenye vitunguu. Ni vazi, kama kilemba. Ila vazi nalo lina gharama: hamu ya mipini ya pembe kule Yemen ilikuwa sababu mojawapo ya faru weusi wa Kenya kupungua kutoka takriban 20,000 mwaka 1970 hadi chini ya 400 mwishoni mwa miaka ya 1980. Wamaasai walilitatua suala hili la uzuri na raha kwa akili zaidi. Mpini wa sime ni mti mwembamba uliovikwa ngozi, hauna mbwembwe. Urembo umepelekwa kwenye ala, ile nyekundu inayoonekana kutoka mbali. Ala haimtoi mtu lengelenge. Ipambe upendavyo.

Watasema tena kwamba mkono huzoea. Huzoea kweli, na risiti ya mazoea hayo inaitwa sugu. Watasema mikono haifanani, kwa hiyo hakuna mpini wa kumfaa kila mtu. Hilo nalikubali lote, na ndilo linalonipa sababu ya kwenda kwa mhunzi badala ya dukani: kiwanda hakiwezi kukupunguzia kona, lakini fundi ana tupa pale pale kando ya fuawe, na kona ni kazi ya dakika tano. Kwa hiyo ukienda, beba viazi viwili na mafuta kidogo ya kupaka kiganjani. Menya hapo hapo, bila kuona haya. Kinapobana, mwonyeshe, apunguze. Akikataa kwa hofu kwamba utamchafulia mpini, mrudishie kisu chake, viazi ukavipike nyumbani.