Muone Msimamizi Wako wa Mfumo

Fedheha ya msimamizi wa mfumo anayeambiwa na kompyuta aliyoipanga mwenyewe kwamba akamwone msimamizi wa mfumo ina uchungu wa pekee, kwa kuwa haimwachii mtu wa kumlaumu wala wa kumpigia simu. Fedheha ya karibuni zaidi ya aina hiyo, ambayo kwa wahusika bado ni kidonda kibichi, ilitokea katika ofisi moja ya uhasibu iliyoko ghorofani Kimara Korogwe, alasiri ya saa kumi, mbele ya mhasibu mkuu, makarani wawili na muuza kahawa aliyekuwa akisubiri kurudishiwa vikombe vyake.

Ofisi hiyo ilikuwa imehamia kwenye maeneokazi pepe ya mbali, yaani utaratibu ambao kompyuta anayoiona mfanyakazi kwenye kioo haipo mbele yake, bali ni sehemu ya seva iliyoko kwingine, naye hupelekewa picha tu ya kinachoendelea huko huku akirudisha mibofyo ya kipanya na herufi za kibodi. Sababu ya kuhama ilikuwa barabara kuliko teknolojia. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza mwaka 2016 kutoka Kimara Mwisho kwenda Kivukoni, Gerezani na Morocco, ilidhaniwa kwamba safari ya mjini imekuwa jambo jepesi, lakini yeyote aliyewahi kupigania mlango wa basi kituoni hapo saa moja asubuhi anaelewa kwa nini watu wa Temboni na Bonyokwa wangependa kazi iwafuate nyumbani. Seva zikapangishiwa chumba Posta, na watu wakabaki Kimara.

Kundi la watumiaji waliotawanyika hivyo huongozwa kwa sera za kundi, yaani kanuni ambazo msimamizi huziandika mara moja mahali pamoja, nazo zikatekelezwa na kila kompyuta iliyosajiliwa: nani afungue nini, nani asiguse nini, kioo kijifunge baada ya muda gani. Microsoft iliuleta mfumo huu pamoja na Windows 2000, ukiegemea Active Directory, ambayo ni daftari la pamoja la watumiaji na kompyuta zote za taasisi. Muundo wake hauwezi kumshangaza Mtanzania, maana unashuka kwa ngazi kama waraka wa serikali: hutangulia kanuni za kompyuta yenyewe, zikafuata za tovuti, maana yake eneo la mtandao, kisha za domeni, ambayo ndiyo taasisi nzima, na mwishoni za vitengo vilivyomo ndani ya domeni. Tofauti ni kwamba hapa anayesema mwisho ndiye anayesikilizwa, hivyo neno la mjumbe wa nyumba kumi hulifuta neno la waziri, isipokuwa waziri awe ameubandika waraka wake alama ya ulazima, ambapo hata mjumbe aliyejifungia mlango asipokee nyaraka zozote kutoka juu atalazimika kuupokea. Serikali iliyopangwa namna hii ingekuwa kitu cha kutazamwa.

Utamu wa mfumo, na sumu yake, umo katika mgawanyo mwingine. Kila sera ina pande mbili: upande wa kompyuta, unaoifuata mashine popote ilipo, na upande wa mtumiaji, unaomfuata mtu kila aingiapo. Kwa kompyuta ya mezani mgawanyo huo hauna taabu, lakini kwenye seva inayochangiwa na watu wengi haufai, kwa sababu karani angeingia na ruhusa zote alizozoea kwenye kompyuta yake, ikiwemo ya kufungua paneli ya mipangilio ya mashine wanayoitegemea wenzake wote. Tiba iliyobuniwa ni uchakataji wa mzunguko, ambao huiagiza seva kwamba yeyote anayeingia humo apewe kanuni za mtumiaji zilizoandikwa kwa ajili ya seva, ama zikichanganywa na zake mwenyewe au zikichukua nafasi ya zake kabisa. Ni ubunifu wa kupendeza: mgeni anavuliwa desturi za kwao mlangoni. Kinachosahaulika kirahisi ni kwamba sera, isipozuiwa, humhusu kila mtumiaji aliyethibitishwa utambulisho wake, na msimamizi naye, pamoja na cheo chake chote, ni mtumiaji aliyethibitishwa.

Ndivyo ilivyokuwa Korogwe. Mtaalamu, ambaye ofisini anaitwa tu mtu wa IT, aliandika sera tatu za busara, zilizozuia paneli ya mipangilio, zikaondoa kisanduku cha kuendeshea programu, na zikafunga dirisha la amri, ambalo ndilo fundi huandikia maagizo yake kwa herufi. Akaziunganisha na kitengo cha seva kwa mtindo wa kuchukua nafasi, akajaribu, akaona kila kitu kinafunguka kama kawaida, akajiridhisha kwamba bado hazijafika. Hapo alikuwa sahihi, kwa kuwa kompyuta huzifuatilia sera mpya kila baada ya dakika 90, na juu yake huongezwa muda wa kubahatisha usiozidi dakika 30 ili mashine zote zisiivamie seva kuu kwa pamoja. Alichokikosa ni kukisia zingefika saa ngapi. Zilifika wakati ameketi kwenye kiti cha mhasibu mkuu, akimwonyesha mama huyo jinsi mfumo mpya ulivyo salama. Alibofya paneli ya mipangilio, na kioo kikamjibu kwa adabu kwamba tendo hilo limesitishwa kutokana na vizuizi vilivyomo, tafadhali awasiliane na msimamizi wake wa mfumo. Akakimbilia dirisha la amri ili aharakishe sera zisasishwe, nalo likafunguka likiwa na sentensi moja kwamba limezimwa na msimamizi, na kwamba abonyeze kitufe chochote kuendelea. Alibonyeza. Dirisha likafungika.

Mama mhasibu, aliyekuwa anasoma pamoja naye polepole kwa miwani, aliuliza swali ambalo kwa haki lilistahili kuulizwa: "Mwanangu, huyo msimamizi tunampataje?" Muuza kahawa, asiyehusika kwa namna yoyote, alishauri wampigie.

Zana za kufutia sera zilikuwa kwenye seva kuu, na njia pekee ya kuifikia seva kuu kutoka nje ilipita ndani ya seva iliyofungwa. Kwa hiyo mtaalamu aliyejenga mfumo wa kuwaepusha watu na kituo cha Kimara Mwisho alishuka ngazi, akaenda Kimara Mwisho, akapanda mwendokasi kwenda Posta, akazima tiki moja, akasimama hadi Kimara.

Mkasa uliofuata, wa karani aliyeingilia mfumo kutoka steshenari moja ya Mbezi na orodha ya mishahara ya ofisi nzima ikachapwa kwenye printa ya steshenari hiyo, kwa kuwa sera iliagiza printa ya mahali alipo mtumiaji ndiyo itumike, hauhitaji kurefushwa. Ule wa picha ya ukutani iliyogeuka nyeusi kwa kila mtu ni mdogo zaidi.

Sera ya muda wa kukatika, hata hivyo, haichekeshi. Mtumiaji anapopoteza mtandao, kikao chake hubaki hai kwenye seva pamoja na kazi ambayo hajaihifadhi, na msimamizi huchagua kikao hicho kingoje muda gani kabla ya kuuawa, kuanzia dakika 1 hadi siku 5, au kisiuawe kabisa. Mwongozo wa usalama wa Center for Internet Security, taasisi ya Marekani ambayo wakaguzi hupenda kuinukuu, unapendekeza dakika 1. Aliyependekeza hivyo hajawahi kukatikiwa na umeme Kimara, ambako dakika moja haitoshi hata kumtafuta mwenye ufunguo wa chumba cha jenereta, wala hakufikiria siku kama Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, ambapo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ya Tanzania na majirani zake ikadorora. Seva haitofautishi mtu aliyeondoka kwa hiari na mtu aliyekaa gizani mikono ikiwa bado kwenye kibodi. Wote kwake wametelekeza kazi, na wote huadhibiwa sawa. Ritani ya VAT inatakiwa ifike tarehe 20 ya mwezi, na majedwali yaliyopotea saa mbili usiku wa tarehe 19 hayarudishwi na mwongozo wowote wa usalama.

Ofisi ya Korogwe iliweka saa 3. Mkaguzi aliyepita baadaye aliuandika muda huo kuwa udhaifu mkubwa, akaacha safu tupu kwa ajili ya majibu ya menejimenti, na mama mhasibu akaijaza kwa neno moja la kalamu nyekundu: umeme.