Kilo hadi mia

Wanaolalamikia mabango ya intaneti mjini Bariadi hawana shukrani. Bango limesema kasi ni "hadi" Mbps 20. Mbili imo humo. Hata sifuri imo. Kampuni imedanganya wapi?

Tena ni ukarimu. Mbps ni biti, faili hupimwa kwa baiti, na baiti moja ni biti 8. Ile 20 ya bangoni, ikifika yote, hupakua megabaiti mbili na nusu kwa sekunde. Mteja amepewa somo la hesabu bure, na muda wa kulirudia kiduara kinapozunguka kwenye simu.

"Bila kikomo" nayo ni kweli tupu. Kikomo hakipo, kuna "sera ya matumizi ya haki" tu, inayopunguza kasi ili mteja apumzishe macho. Atayahitaji kusomea vigezo na masharti.

Aprili 2021 watu walipigia kelele bei mpya za vifurushi, serikali ikazisitisha siku ileile zilipoanza. Kasi ya namna hiyo hakuna bango lililowahi kuiahidi.

Waliobaki nyuma ni wakulima wa pamba wa Simiyu. Bado wanapeleka mzigo AMCOS, chama chao cha ushirika, unapandishwa kwenye mzani, na mzani wenyewe unakaguliwa na Wakala wa Vipimo. Ushamba! Msimu ujao waandike kwenye gunia "hadi kilo 100", wajaze 40, walipwe za 100 kwanza. Mnunuzi akihoji, apige huduma kwa wateja, abonyeze moja kwa Kiswahili, asikilize muziki.