Jinsi ya Kuchora Mlango wa Unguja kwa Kompyuta Usije Ukamchongea Panya

Kwanza, zima kompyuta. Chukua futi kamba na daftari, nenda mitaa ya Mji Mkongwe, Shangani au Malindi, mwombe mwenye nyumba ruhusa, kisha upime mlango mmoja wa zamani: miimo, kizingiti, mfaa, mpaka kina cha nakshi. Asiyejua mfaa unakaa wapi hataonyeshwa na programu yoyote, hata akiinunua kwa mamilioni.

Sasa washa. Usichague programu kwa kuwa jamaa wa Darajani anayo, wala usipokee ya wizi inayozungushwa kwenye flashi, maana huenda ikaja na virusi vya kula michoro ya wateja wako. Chukua FreeCAD. Ni bure kwa halali, toleo lake la 1.0 lilitoka Novemba 2024, na haihitaji intaneti ili ifanye kazi. Kisiwa kilichokosa umeme kama miezi mitatu kuanzia Desemba 2009 hakifai kutegemea programu inayoomba ruhusa ng'ambo kila inapofunguliwa. Uzuri wake mwingine ni huu: vipimo huandikwa kwa tarakimu. Mteja wa Mbweni akitaka mlango upanuke, unabadilisha tarakimu moja na mchoro uliopangwa vyema unafuata. Kwa maua na minyororo ya nakshi, Inkscape yatosha, nayo ni bure.

Kabla ya kupeleka faili kwenye mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, kagua vipimo mara mbili. Mlango wa futi 7 ni inchi 84. Mashine ikisoma milimita 84, umemchongea panya, na ubao wa mvule haurudi dukani.

Halafu kuna kona. Biti ya mashine ni ya duara: yenye kipenyo cha milimita 6 huacha kila kona ya ndani na mviringo wa nusu kipenyo cha milimita 3. Kona kali hukatwa kwa patasi. Kwa hiyo mashine ikwangue mbao, na fundi wa nakshi amalizie; umlipe vizuri, ukae karibu naye, ujifunze mkono wake.

Usichelewe kupima na kuchora: hata jumba la Beit al-Ajaib la Mji Mkongwe, lililojengwa 1883, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020. Milango mingi ya Mji Mkongwe haijaporomoka bado. Wewe mwenye kompyuta, anza na mlango wa mtaa wako, uuchore wiki hii, na nakala ya faili umwachie mwenye nyumba.