Wiki ya Njia ya Bluu

Jumapili
Tumefika Schladming, Austria, chini ya mlima Planai. Dukani kwa wanaokodisha vifaa, fundi ameniuliza kilo zangu, urefu, umri, na kama nimewahi kuteleza kwenye theluji. Kwa majibu hayo anajua akaze kifungo cha skii kiasi gani, ili mtu akianguka skii ichomoke kabla goti halijateguka. Bizimu ya kiatu changu cha kulia imekatika mkononi mwake. Ameleta jozi nyingine. Watoto wa dada wamevishwa helmeti, kwani katika jimbo hili la Steiermark aliye chini ya miaka 15 hateremki bila helmeti. Nami nimechukua.

Jumatatu
Wanaoanza tumepelekwa Rohrmoos, juu kidogo ya mji, ambako mteremko ni wa polepole. Darasani kuna bibi mwenye mvi, baba na mwanawe, na watoto wadogo ambao hawajaanza shule. Hakuna aliyeambiwa akae pembeni awapishe wengine, na hilo limenifurahisha kuliko mlima wenyewe. Watoto hapa hufundishwa pizza na chipsi. Pizza, ncha za skii unazikutanisha mbele na visigino unavitanua, mwendo upungue. Chipsi, skii zinalala sambamba, unakwenda. Wakubwa tumefundishwa vilevile na tumeelewa upesi.

Glavu yangu ya kushoto imeangukia kwenye mkanda wa kupandishia watu, ikatangulia juu. Mtoto mmoja amenirudishia.

Jumanne
Ukungu. Miwani imejaa mvuke kwa ndani. Simu ya shemeji imezimika chaji ikiwa nusu, maana baridi huidhoofisha betri, na ramani ilikuwa humo humo. Tumefuata vibao vya pembeni mwa njia: bluu kwa rahisi, nyekundu kwa wastani, nyeusi kwa wazoefu. Simu ilipokaa kifuani ndani ya sweta, imewaka tena. Wakati huo tulishafika chini.

Jumatano
Mpwa wangu ameanguka katikati ya njia ya bluu, skii moja ikachomoka. Breki zake mbili ndogo zimechoma theluji, ikasimama hatua chache chini yake. Bwana mmoja aliyekuwa anashuka kasi amekata kona, akasimama upande wa juu wa mtoto, skii zake kazikingamisha mteremko ili wanaokuja nyuma waone na kupita kando. Hakusema neno. Mtoto amekung'uta theluji kwenye soli, akakanyaga kifungo hadi kikalia "ta!", ndipo yule bwana akaondoka.

Mwalimu anasema ndivyo sheria za FIS, shirikisho la kimataifa la skii, zinavyotaka: anayetoka nyuma, yaani aliye juu, ndiye wa kuchagua njia isiyomhatarisha aliye mbele yake. Hodari humlinda mgeni. Kwetu Mombasa anayekwenda kwa miguu ndiye anayeambiwa ajihadhari na matatu, na watoto wa shule wanavuka barabara roho mkononi. Sheria hii ningependa ifike barabara ya Malindi, na wenye kasi waisome kwanza.

Alhamisi
Mpwa alitaka Kaiserschmarrn, ile chapati ya mayai inayochanwachanwa na kunyunyiziwa sukari. Kutembea na viatu vya skii ni kazi, sahani imeteleza kwenye trei hadi mezani kwa wageni wengine. Wametupa vitambaa vya kufutia, tukaagiza nyingine.

Wakati tunangoja, dada amewasimulia watoto habari za Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyeletwa Austria angali mdogo, akakulia kwenye theluji, na mwaka 2018 akaishindania Kenya katika Olimpiki ya Pyeongchang. Mpwa ameuliza kama naye alianza na pizza. Dada amesema bila shaka.

Ijumaa
Jua. Ng'ambo ya bonde, mlima Dachstein umeonekana wote, karibu mita 3,000. Bibi wa darasani ameshuka njia ya bluu mwanzo hadi mwisho bila kushikwa mkono, na darasa zima limempigia makofi. Kesho anataka nyekundu. Mwalimu amemtafutia fupi, akaniambia nami nije. Nimekubali. Kwanza zipu ya koti ifunguke: imekwama shingoni tangu saa nane, na dada anaipaka sabuni.